Muhtasari wa Mkutano wa Mtaa

Miaka ishirini nimesoma midomo ya Tandika.
Naijua ya masharubu, naijua ya kutafuna karanga
huku ikibishana na kipimo cha kiuno.
Midomo ya mwenye deni hujificha nyuma ya kanga.

Mwezi uliopita Mwanaidi alinipakulia programu kwenye simu.
Akaniandikia kiganjani kwa kidole, kama tulivyozoea tangu alipojua herufi:
watu wakisema, hii inaandika.
Nikaiweka juu ya meza, nikashona kola, nikaitazama.
Ikaandika:
"tatu tatu tatu tatu tatu"
Nikasimamisha mguu. Ikanyamaza.
Nikakanyaga.
"tatu tatu tatu"
Nilicheka hadi sindano ikanipata.

Wiki hiyo nilijifunza
kwamba watu husema "yaani" kabla ya kila jambo na baada yake;
kwamba muuza mihogo asubuhi ana maneno yake
na jioni, ikibaki, ana mengine ya kubembeleza;
kwamba mvua ikipiga bati, simu huacha ukurasa mweupe
na wenye masikio nao huanza kuongea kwa mikono,
vibaya sana, kama watoto wa siku ya kwanza pale Buguruni.

Jumapili, mkutano. Ajenda: mtaro.
Mikutano yote ya nyuma nilikaa pembeni,
nikainua mkono wenzangu walipoinua.
Sijui nimepitisha mangapi.
Huenda ni mimi niliyekubali mtaro uzibwe.

Leo simu i magotini. Mwenyekiti Chambuso anafungua:
"ndugu wananchi tumekutana kuhusu mtoro
mtoro umejaa taka
mtoro unaingia mpaka chumbani kwa mama Sikudhani"
Nikamwona huyo mtoro akikatiza uani, kabeba ndoo zetu.

Kisha, kutoka benchi la nyuma, bila jina:
"huyu bubu naye kaja kuchati"
"mwache hajui hata tunaongea nini"

Nilisoma mara mbili.
Midomo nilikuwa naweza kuipa kisogo.
Hii ilikuwa imeandikwa.

Nikasimama. Nikachapa, kwa vidole vya kutunga uzi:
Mtaro mmeujenga juu kuliko nyua zetu. Maji hayapandi mlima.
Kabla ya kumwaga zege, nani alipima?
Nikabonyeza alama ya spika.

Sauti yenyewe siijui.
Niliona vichwa vikigeuka kwa pamoja
kama sare za shule kambani, upepo ukibadili upande.
Kisha meno. Meno ya mkutano mzima.
"kumbe ana sauti ya kiume"
"tena ya mtangazaji wa mpira"
Mwanaidi, hukuniambia kwamba kuna kuchagua.

Wakacheka, wakachoka. Sikukaa.
Chambuso akasogeza kiti, akafungua mdomo polepole
kana kwamba ananilisha uji.
Nikamwonyesha simu: sema tu kawaida.
"rudia hapo kwenye kupima"
Nikarudia. Mimi hupima watu wasiotulia,
wenye matumbo ya kubana pumzi. Sembuse udongo.

Ikaundwa kamati ya watu watano.
Katibu akachora hewani kwa kalamu: jina lako?
Nikamnyang'anya kalamu.
Nikaandika mwenyewe kwenye daftari lake,
nikikandamiza hadi ukurasa wa chini:
Tatu binti Mwinshehe.

Usiku huu nina suruali sita za kupunguza
na kamba ya kupimia mtaro, saa moja asubuhi.
Ile sauti ya mtangazaji nimeiacha kama ilivyo.
Simu imesahaulika mezani, ingali imewaka.
Miaka ishirini cherehani hii niliijua kwa nyayo,
mtetemo wa kupanda hadi gotini, basi.
Sikujua kama ilikuwa ikiniita.